Swichi Janja kwa Nyumba ya Sola: Mwongozo wa Mnunuzi wa Masisi na Walikale

Kasiterite ya Bisie, kule Walikale, hutoa bati, na bati ndilo msingi wa lehemu inayoshika vipande ndani ya swichi janja. Koltani ya Rubaya, kule Masisi, hutoa tantalamu ya kapasita. Madini hayo hurudi kwetu yakiwa ndani ya maboksi yenye picha nzuri, na picha haisemi lolote kuhusu ubora. Huku nyumba nyingi zinawaka kwa sola, na kurudisha kifaa kibovu Goma ni safari ya matope. Basi pima kabla hujalipa.

Inakula kiasi gani ikiwa imezimwa?
Swichi janja hailali. Inasubiri amri yako usiku na mchana. Ile inayokula wati 1 humaliza wati-saa 24 kwa siku, sawa na balbu ya wati 6 iliyowaka saa 4. Zikiwa kumi, ni wati-saa 240. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 haipaswi kutumika zaidi ya nusu ukitaka idumu, yaani wati-saa 600 hivi. Swichi peke yake zimekwisha kula asilimia 40! Na zikiwa za volti 220, inveta nayo itakesha pamoja nazo. Nzuri hula chini ya nusu wati, na mtengenezaji wake huliandika jambo hilo waziwazi.

Inapatana na betri?
Tafuta inayopokea umeme wa betri bila inveta, kisha soma maandishi madogo ya nyuma. Betri ya volti 12 ikichajiwa hufika volti 14.4, kwa hiyo iliyoandikwa "9–30V" ni salama kuliko iliyoandikwa "12V" tu. Ampea nazo zisikudanganye. Umeme wa inveta (AC) wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche huzimika yenyewe. Wa betri (DC) haupiti sifuri. Cheche hung'ang'ania na kuunguza midomo ya swichi. "10A 250V AC" si ahadi ya ampea 10 za DC. Kama haikuandikwa ampea za DC, iache.

Ukibaki na inveta, chagua swichi yenye nafasi ya waya wa nyutro. Isiyo na nyutro hupitisha umeme kidogo ndani ya balbu ili ijiendeshe, na balbu ndogo ya LED hupepesa usiku kucha.

Inatii bila intaneti?
Mwambie muuzaji aiunganishe na simu, kisha azime intaneti na kubonyeza tena. Iliyotengenezwa vizuri huendelea kutii kupitia mawimbi ya ndani ya nyumba, kama zile za Zigbee zenye kituo chao. Duni hungoja kompyuta ya ng'ambo iipe ruhusa. Kitufe cha mkono nacho lazima kiwashe taa hata simu ikiwa haina chaji.

Ndani kukoje?
Omba ifunguliwe. Lehemu nzuri imetandaa na kuukumbatia waya kama sketi pana. Mbaya imekaa kidonge, haikushika. Usihukumu kwa mng'ao, maana lehemu isiyo na risasi huwa na rangi ya kufifia hata ikiwa safi. Kisha sogeza sumaku ya spika iliyokufa karibu na vishikio vya waya. Shaba haivutwi. Kikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi, na unyevu wa msitu wa Walikale utakifanya kishike kutu. Skurubu ikazwe na kulegezwa mara kadhaa. Ikizunguka bila kushika, rudisha kwenye boksi.

Kwa nyumba ya paneli moja, hukumu yangu ni hii: weka swichi janja moja kwenye taa ya nje, inayopaswa kuwaka ukiwa safarini. Vyumbani funga swichi za kawaida zenye vishikio vya shaba, na fedha iliyobaki iongeze kwenye betri.