Sifa za Mtunza Maji ya Kasa

Katika kazi ambazo watu huzipita bila ya kuzitupia jicho, sioni inayostahili heshima zaidi kuliko kazi ya mtu anayetunza maji ya mnyama aliyefungiwa. Kwani kasa wa baharini na kobe wa mtoni, maadamu wako huru, huuacha uchafu wao nyuma wakaenda zao, walakini wakishatiwa katika tangi la kioo au bwawa la mawe hawana tena pa kukimbilia, na maji yale yale wanayoogelea ndiyo wanayolia chakula, ndiyo wanayoyanywa, na ndiyo choo chao.

Hapa Kimuli, baina ya migomba na mibuni ya vilima vya Kyerwa, kufuga viumbe hao majumbani si desturi yetu, na bahari iko mbali nasi mno. Lakini fani yenyewe si ngeni kwetu, maana iko kazini usiku na mchana katika vinamasi vya Mto Kagera, mahali ambapo mafunjo huzuia mbio za maji yaliyobeba udongo wa milimani, udongo ukatua chini, na mizizi yake, pamoja na viumbe visivyoonekana vilivyoishikilia, ikafyonza rutuba iliyokokotwa na mvua kutoka mashambani. Apitaye huona tope na mbu tu, asijue kwamba mbele yake kiko kichujio ambacho hakuna fundi awezaye kukijenga kwa ukubwa ule.

Tangini hakuna mafunjo wala mto, na mzigo wote humwangukia mtunzaji. Kobe wa maji huchafua kuliko samaki, kwa kuwa hurarua chakula chake kwa kucha, vipande vikatawanyika na kuoza, na juu ya hayo kinyesi na mkojo wake huzaa amonia, sumu isiyo na rangi, hata maji yakaweza kuwa maangavu kabisa ilhali yanamwunguza mnyama macho na ngozi. Kinachomwokoa ni bakteria waliofanya makao katika sifongo na changarawe za kichujio: kundi moja huigeuza amonia kuwa naitriti, nayo ingali sumu, na kundi la pili huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na mimea huipenda. Mwanachuoni wa Kirusi, Sergei Winogradsky, aliwatenga na kuwaeleza bakteria hao kwenye mwaka 1890. Lakini tangu mwaka 1829 mhandisi James Simpson alikwisha kuyapitisha maji ya Chelsea, London, katika tabaka za mchanga, na watu wakanywa maji yaliyosafishwa kwa sehemu kubwa na utando hai ulioota juu ya mchanga ule, pasipo yeyote kuwajua wafanyakazi wenyewe.

Kwa ajili hiyo ustadi mkubwa wa mtunzaji, nao ndio unaonistaajabisha kuliko yote, ni kujua mahali pa kukomesha mkono wake. Mwenye pupa humwaga maji yote, akasugua kila jiwe, akaosha sifongo kwa maji ya bomba yenye klorini, akajisifu kwa usafi, kumbe amekwisha kuwaua wale waliokuwa wakimfanyia kazi, na baada ya siku chache amonia hupanda kuliko kwanza. Mwenye hekima hutoa robo ya maji, au thuluthi, na sifongo huikamua taratibu ndani ya ndoo ya maji yale yale aliyoyatoa. Maji mapya huyaacha wazi siku nzima ili klorini itoke, na joto lake hulilinganisha na la tangi kabla ya kuyamimina. Umeme ukikatika muda mrefu, hawashi pampu kwa haraka, kwani bakteria waliokosa hewa hufa ndani ya kichujio na uozo wao ungerudi kwa kobe, hukisuuza kwanza. Fauka ya hayo, humlisha kobe katika beseni la pembeni, mabaki yakabaki humo, na kwa hilo peke yake huokoa nusu ya taabu yake.

Kazi hii kwa ukubwa wake iko Nungwi, kaskazini ya Unguja, ambako tangu mwaka 1993 wenyeji wa Mnarani wamekuwa wakitunza kasa na ng'amba katika bwawa la asili lililozungukwa na miamba ya matumbawe, maji yake yakiingia na kutoka kwa kujaa na kupwa kwa bahari. Hapo pampu ni mwezi. Siku za bamvua bahari huja kwa nguvu na kulisafisha bwawa, na siku za maji mafu mabadiliko huwa haba, hata mwani uliobaki usipoondolewa kwa mkono huozea humo. Kwa hiyo mtunzaji wa bwawa kama lile hana budi kuijua hesabu ya mwezi kama anavyoijua nahodha.

Iko pia hadhari ya afya. Kobe huweza kubeba vijidudu vya salmonela pasipo kuugua mwenyewe, na watoto wengi wa Marekani waliambukizwa hata serikali yao ikapiga marufuku, mwaka 1975, kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi nne. Mtunzaji mwema hunawa mikono kwa sabuni, wala hamwagi maji ya tangi jikoni au karibu na chemchemi. Huyapeleka shinani mwa mgomba, ambako naitreti ni mbolea.

Nawe msomaji, ukiazimia kufuga kobe wa maji, na ukiwa umepata idhini ya sheria, nakusihi usimlete nyumbani siku ile ile unayonunua tangi. Lijaze maji, washa kichujio, tia punje chache za chakula zioze humo, kisha ngoja: bakteria huhitaji takriban majuma manne hadi sita kuenea, na kobe anayeletwa kabla ya hapo huogelea katika sumu.