Hewa ya Arua ndani ya kasha la kamera

Fundi wa pampu pale Koboko aliishika pete yangu ya mpira kwa vidole viwili, akaivuta kidogo, akasema hiyo si shida, anazo. Akamwaga mezani mfuko mzima wa oringi: za jenereta, za jeki, za pampu za visima. Akachagua moja, akailaza juu ya yangu. Zilifanana kama mapacha. "Chukua, Mwalimu. Elfu moja tu." Elfu moja ya Uganda, kwa kitu ambacho ningekiagiza kwa bei ya kuku wawili na kukingoja mwezi mzima! Nilikaribia kukubali. Kisha nikamwomba veniya. Unene wa pete yake ulizidi wa yangu kwa sehemu mbili za kumi za milimita.

Kwenye pampu ya kisima tofauti hiyo haina neno, bolti zitakazwa mpaka pete ikae. Kasha la kamera halina bolti. Lina komeo moja la plastiki na mfereji uliochongwa kwa kipimo cha pete moja tu, na pete nene kidogo inatosha kuufanya mfuniko ukae kombo. Halafu kuna suala la grisi. Pete ya fundi ilikuwa ya mpira mweusi ule wa mitambo, yangu ya silikoni. Grisi ya silikoni inayoilainisha ile nyeusi bila tatizo huivimbisha pete ya silikoni. Nilimshukuru, nikanunua bisibisi ili nisiondoke mikono mitupu.

Nilikuwa najiandaa kwa safari ya pili ya kuzamia pwani. Ya kwanza ilinigharimu kamera. Nililifungia kasha ndani ya mashua, vidole vina mchanga, taulo begani, nahodha anaharakisha kabla maji hayajatoka. Katika mita ya kwanza tu niliona viputo vyembamba vikipanda kutoka pembeni mwa mfuniko, na chini ya lenzi maji ya chumvi yakitanda kama chai iliyomwagika kwenye kisahani. Tulipolifungua tulikuta unyuzi wa taulo umelala juu ya pete. Unyuzi mmoja.

Wengi hudhani kasha huvuja kwa sababu ya kina. Mara nyingi huvujia juu, na sababu yake ni hesabu ya darasani. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mkandamizo wa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Mfuniko wenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 10, ukifika mita 30, unasukumwa ndani kwa uzito wa kilo 300 hivi. Uzito huo ndio huohuo unaoibana pete kwenye mfereji wake, kwa hiyo kasha zima lisilo na ufa hujifunga zaidi kadiri linavyoshuka. Kwenye mita ya kwanza msaada huo haupo. Pete inategemea komeo peke yake, na unyuzi, unywele au chembe ya vumbi jekundu la kwetu ina nafasi yote ya kufungua njia. Ndiyo maana pipa la maji nyuma ya nyumba ni maabara halali kabisa: weka karatasi ya chooni ndani ya kasha tupu, lifunge, lizamishe chini ya jiwe kwa nusu saa, kisha uangalie kama karatasi ina doa. Kamera ibaki kitandani.

Kwa hiyo safari hii nilikataa kuanza na kamera. Ukianza na kamera, utaipenda, na ukishaipenda utalitafutia kasha lolote linaloingia. Nilianza na maji. Nitazama wapi, mwezi gani, kwa kina gani, kumpiga picha nani?

Jibu lilikuwa kisiwa cha Mafia, Tanzania, msimu wa kaskazi. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe, yule ambaye wengine wa pwani humwita papa shilingi kwa madoa yake, hukusanyika karibu na Kilindoni kula vijidudu vinavyoelea majini. Anakula juu juu. Mtu humfuata kwa miwani na mrija tu, bila mtungi wa hewa, na picha zake nzuri zote hupatikana ndani ya mita tano za kwanza. Chakula chenyewe ndicho tatizo: maji yamejaa chembe. Ukiwasha taa, kila chembe inarudisha mwanga kwenye lenzi, na unapata kile anachokiona dereva wa usiku aliyewasha taa kubwa nyuma ya lori kwenye barabara ya murram. Anaona vumbi, halioni lori. Taa za video, ambazo wauzaji huzisifia kwa lumeni maelfu, hapo ni hasara. Kinachotakiwa ni lenzi pana, jua la saa nne asubuhi mgongoni, na ujasiri wa kusogea karibu kwa kiasi kinachoruhusiwa bila kumgusa mnyama.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa za matumbawe ndani ya hifadhi ya bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na huko hesabu inageuka. Maji hula rangi kwa zamu: nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea, ndani ya mita chache tu, ikifuatwa na ya machungwa na ya njano, mpaka kila kitu kinakuwa buluu kama sare ya shule. Kuna dawa tatu. Filta nyekundu mbele ya lenzi husaidia kati ya mita 5 na 20 hivi, maji yakiwa angavu. Haitengenezi rangi nyekundu. Inapunguza buluu tu ili nyekundu kidogo iliyobaki ionekane, na bei yake ni mwanga. Kupanga weupe kwa mkono, ukiielekeza kamera kwenye kibao cheupe kila unaposhuka mita kadhaa, kunaleta matokeo bora kuliko filta, lakini si kila kamera ndogo inakubali kufanya hivyo ikiwa ndani ya kasha. Taa hurudisha rangi zote, ila kwa umbali wa mita moja au moja na nusu tu. Ukitumia taa vua filta, la sivyo utapata samaki wekundu kama waliopakwa rangi ya mlango. Na taa zikae mbali na lenzi, kila moja kwenye mkono wake, ili chembe zimulikwe ubavuni.

Kioo cha kasha nacho kina maneno yake. Maji hupinda mwanga kuliko hewa, kwa hiyo lenzi inayoona nyuzi 100 juu ya nchi kavu, ikikaa nyuma ya kioo bapa ndani ya maji, huona kama 70. Papa potwe mzima anakuwa nusu papa. Kuba ya kioo hurudisha upana huo, lakini haitaki lenzi yoyote: kamera inapaswa kuweza kulenga karibu sana, maana kupitia kuba vitu vyote huonekana vimekaa sentimita chache mbele ya kioo. Hata GoPro walijikwaa hapa zamani. Kasha la kamera yao ya kwanza ya HD lilikuwa na kioo kilichobinuka ambacho nchi kavu kilikuwa safi, na majini kilileta ukungu mtupu, mpaka walipotoa kasha la kioo bapa.

Baada ya hapo kamera karibu ijichague yenyewe. Kuna kundi la kamera ndogo za michezo: GoPro za miaka ya karibuni huvumilia mita 10 bila kasha na mita 60 zikiwa na kasha lao, DJI Osmo Action 5 Pro ya mwaka 2024 inafika mita 20 ikiwa uchi. Kuna OM System TG-7 ya mwaka 2023, mita 15 bila kasha na 45 na kasha lake, ambayo haina mpinzani kwa konokono wa baharini na vitu vidogo kama ukucha. Juu yao kuna kamera kubwa zaidi ndani ya makasha ya alumini, ambapo kasha hugharimu kuliko kamera na ukibadilisha kamera unabadilisha na kasha. Picha zake ni nzuri, sibishi. Lakini mtu anayeishi zaidi ya kilomita 1,500 za barabara kutoka baharini, anayezama siku tano kwa mwaka, akinunua kasha la alumini anakuwa amenunua trekta la kulimia bustani ya mchicha. Nilichukua kamera ya michezo ambayo ikiwa uchi inatosha kwa papa, na kasha lake kwa ajili ya matumbawe. Kasha likivuja mita tano chini, kamera yenyewe bado inastahimili maji. Kinga ya pili hiyo niliithamini kuliko ubora wowote wa picha.

Namba za kina kwenye boksi zisomwe kwa adabu. Gari lililoteleza kutoka kivuko cha Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, lilipatikana kwenye kina cha mita 58 na kutolewa Oktoba 11. Kasha la mita 60 pale lingekuwa limebakiwa na mita mbili za kujitetea. Mzamiaji wa starehe mwisho wake ni mita 40, kwa hiyo makasha ya 45 na 60 yote yanamfaa. Kulipia zaidi ya hapo ni kununua kina ambacho mapafu yako hayaruhusiwi kufika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulisoma kwenye boksi lolote. Wazamiaji wenye makasha ya bei kubwa huwa na pampu ndogo ya mkono. Wakishafunga, hunyonya hewa kidogo kutoka ndani. Kama kasha ni zima, hewa ya nje inaubana mfuniko na kijitaa cha kijani kinabaki kijani. Kama linapitisha, kinageuka chekundu kabla hujagusa maji. Kasha langu halikuwa na pampu. Lakini Arua, ninakoishi, iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko ya Mombasa. Kasha lililofungwa Arua, likifika pwani likiwa zima, mfuniko wa sentimita 10 kwa 10 utakuwa umebanwa kwa kilo 13. Pampu tunayo bure, inaitwa mlima.

Ila siwezi kulisafirisha limefungwa mpaka pwani. Barabara ya Kenya hupanda Timboroa, zaidi ya mita 2,500, ambako hewa ya ndani ingekuwa nzito kuliko ya nje, ikisukuma mfuniko uelekee upande ambao haukutengenezewa. Ndani ya ndege ni hivyohivyo. (Na wakati wa kurudi, mpando huohuo ni hatari kwa mwili wenyewe: aliyezama siku kadhaa mfululizo asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na basi la Nairobi mimi nalihesabu kuwa ndege.) Nilihitaji mteremko mfupi, na kwetu mteremko mfupi ni Pakwach, kwenye Nile, mita 600 na kitu. Tofauti na Arua inaleta kilo sita kwenye mfuniko wa kipimo hicho. Joto lazima lilingane, maana kila nyuzi tatu zinazoongezeka hula mbano sawa na asilimia moja ya mkandamizo wa hewa. Ukifunga alfajiri ya baridi na kufungua mchana wa Pakwach, kipimo kinakudanganya. Nililifunga saa kumi na moja jioni, mikono imenawa, pete imekaguliwa chini ya taa ya simu, nikapanda basi la usiku.

Pakwach tulifika saa nne. Nililitoa kasha kwenye begi, nikafyatua komeo. Mfuniko haukutikisika. Nikauvuta kwa kucha, haukutaka; nikaingiza ncha ya ile bisibisi ya Koboko kwenye pengo la kufungulia, nikaisukuma taratibu, na kasha likavuta hewa kwa sauti nyembamba, fyuu. Mama aliyekaa kando yangu, kifurushi cha samaki mapajani, aligeuka akauliza kama hiyo ni dawa ya mtoto. Nilivua pete, nikaitia kwenye mfuko wake wa plastiki, na kasha likaendelea na safari likiwa wazi.