Duara la Kenya katika Mchoro wa Rosling

Msomaji, ukifungua kitabu kiitwacho Factfulness, kilichotolewa mwaka 2018, utakuta ndani ya jalada mchoro wenye viduara vya rangi. Kila kiduara ni nchi. Kadiri nchi ilivyo na watu wengi ndivyo kiduara chake kilivyo kikubwa. Kadiri ilivyo tajiri ndivyo kinavyosogea kuume. Na kadiri watu wake wanavyoishi miaka mingi ndivyo kinavyopanda juu. Mwandishi, Hans Rosling, alikuwa daktari na mwalimu wa Sweden. Alifariki mwaka 2017 kabla kitabu hakijatoka, na kazi ikakamilishwa na mwanawe Ola na mkaza mwanawe Anna, waliokiandika pamoja naye.

Sifa kubwa ya mchoro huu ni kwamba unavunja uongo. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kuwa dunia ina pande mbili, matajiri wenye afya huku na maskini wagonjwa kule, na katikati shimo. Rosling aonyesha kuwa pale palipodhaniwa shimo ndipo wanapoishi watu walio wengi. Awagawa wanadamu katika madaraja manne kwa pato la siku: la kwanza halifikii dola 2, la pili ni kati ya 2 na 8, la tatu kati ya 8 na 32, na la nne ni zaidi ya hapo. Kisha, badala ya kutuchosha kwa hesabu, atuambia nani huenda kwa miguu, nani ana baiskeli, nani pikipiki, nani gari. Mtu wa Meru hahitaji mkalimani wa maneno hayo. Asimame asubuhi moja kando ya barabara pale Makutano, atayaona madaraja yote manne yakipita.

Lakini nilipouchora mchoro huo ubaoni hapa Kinoru, mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, Tharaka iko wapi?" Kiduara cha Kenya kilikuwa kimoja tu. Kinoru iko kwenye mitelemko ya Mlima Kenya, penye mvua, na hospitali kuu ya rufaa ya Meru haiko mbali. Mama akishikwa na uchungu usiku, pikipiki yatosha kumfikisha. Ukishuka mashariki hadi nyanda kavu za Tharaka, kwenye mawele na mbuzi, usiku uleule na uchungu uleule huwa jambo jingine kabisa. Wastani huwajumlisha mama hao wawili ukampata wa tatu, ambaye hayupo. Kwa haki ya mwandishi, yeye mwenyewe alilijua jambo hili. Katika hotuba yake mashuhuri ya mwaka 2006 aliipasua Uganda mafungu matano kwa pato, na kitabuni aonya juu ya wastani. Ila mchoro aliotuachia ni wa viduara vizima.

Hilo ni kosa dogo. Kubwa zaidi ni kwamba viduara vyake havigusani. Asema kuwa Sweden ya mwaka 1948, alipozaliwa, ilikuwa kama Misri ya siku alizoandika. Basi msomaji aona njia moja ndefu, na kila nchi yaifuata kwa wakati wake. Wahenga walisema atangulizaye kisimani hunywa maji maenge. Hawakusema kuwa ataweka na bawabu.

Kitazame kiduara cha Kenya. Katikati ya miaka ya 1980 Mkenya alitarajiwa kuishi kiasi cha miaka 60. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa imebaki hamsini na kidogo. Kiduara kilizama kwa UKIMWI, kisha kikaibuka. Mbona kilichelewa kuibuka? Dawa za pamoja zilizomwezesha mwenye virusi kuishi zilijulikana tangu mwaka 1996, na katika nchi tajiri vifo vilipungua upesi. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na hataza za makampuni zilimzuia mwingine asizitengeneze kwa bei nafuu. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Juni mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za namna hiyo. Mfuko wa Dunia ulianza mwaka 2002, na mpango wa Marekani mwaka 2003. Katika miaka mitano ya kungoja elimu ya utabibu ilikuwapo. Zilizokosekana ni ruhusa na fedha.

Rosling aliukaribia mlango huo, akageuka. Katika sura juu ya tabia ya kutafuta wa kulaumiwa, asimulia jinsi wanafunzi wake walivyokasirika kusikia kuwa makampuni ya dawa hayatafiti maradhi ya maskini; mmoja akataka mkuu wa kampuni apigwe. Mwalimu akawaongoza kutoka kwa mkuu hadi kwa halmashauri, hadi kwa wenye hisa, hadi kwenye akiba za wastaafu, na mwisho akawaelekeza kwa bibi zao. Kisa kinachekesha, na ni kweli kuwa kumpiga mtu mmoja hakuleti dawa. Lakini bibi huyo ni wa Sweden. Bibi wa huku kwetu, aliyezika wanawe akalea wajukuu katika miaka ile, hamo kisani.

Hata hivyo sitaki mwanafunzi yeyote akiache kitabu hiki, kwa sababu ya kurasa chache zilizo karibu na mwisho. Mwaka 1981 Rosling alikuwa daktari kijana huko Nacala, kaskazini ya Msumbiji, na ugonjwa usiojulikana ulikuwa ukipoozesha miguu ya watu. Mkuu wa mji alimtaka shauri: je, jeshi lifunge barabara? Daktari, kwa haraka, akajibu kwamba lazima jambo lifanywe. Barabara ikafungwa. Akina mama waliozoea kwenda sokoni kwa basi wakawachukua watoto wao wakapita baharini kwa vyombo vya wavuvi, bahari ikawapindua, wakafa maji. Ugonjwa wenyewe haukuwa wa kuambukiza. Ulitokana na muhogo mchungu ulioliwa wakati wa njaa bila kuandaliwa vema.

Katika kurasa hizo hamna wastani. Tunamwona mwenye kauli, twalisikia neno lililotoka kinywani mwake, na twawaona maiti waliotolewa baharini. Laiti angaliuchora mchoro wa dunia kwa mkono uleule, tungaliona mistari ikitoka kiduara kimoja kwenda kingine: bei ya dawa ikija huku, na wauguzi waliosomeshwa Kenya wakienda Uingereza, kwa mapatano yaliyotiwa saini Julai 2021. Wanafunzi wangu nimewaambia waanze na Nacala, kisha ndipo warudi kwenye jalada.