Kile redio mbao ilichokimeza

Aliyekulia Temeke au Kinondoni, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuwa na albamu ya bendi ya Mlimani Park. Alikuwa na redio mbao na, akibahatika, kaseti aliyorekodi mwenyewe kutoka redioni, akiomba mtangazaji asikatishe wimbo kabla chemko, ile sehemu ya kasi, halijakolea. Kiwanda cha santuri nchini hakikuwepo. Mikanda ilipelekwa Nairobi kuchapwa santuri, lakini mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa 1983.

Kwa hiyo sidii ya Mlimani Park iitwayo *Sikinde*, iliyotolewa na Africassette ya Detroit, Marekani, miaka ya 1990, ikapata uzito wa pekee: nyimbo zake zilitoka kwenye mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD).

Studio ya RTD ilikuwa Barabara ya Pugu, leo Barabara ya Nyerere. Bendi ilirekodiwa ikipiga kwa pamoja: waimbaji, magitaa, besi, tumba, tarumbeta, saksafoni. Hakukuwa na gitaa leo, sauti kesho. Mpuliza tarumbeta akiteleza dakika ya sita, wote wanaanza upya. Fundi mitambo alilazimika kupanga mapema maikrofoni ikae wapi na nani asogee nyuma, maana kikishaingia kwenye mkanda kimeingia.

Sasa sikiliza "Neema", utunzi wa Cosmas Thobias Chidumule. Redio mbao, kwa spika yake ndogo, iliacha sauti ya mwimbaji na kumeza besi. Kwenye sidii besi inarudi, na chini ya uimbaji magitaa yanasikika kila moja na njia yake: rizimu inashikilia, solo ya pili inajaza nafasi, solo inajibu. Hayagongani. Hapo ndipo ufundi wa King Michael Enoch, mpangaji wa muziki wa bendi hiyo, unapojidhihirisha. Matarumbeta yanasubiri mwimbaji amalize sentensi ndipo yaingie, kama mtu mwenye adabu barazani.

Mkwaruzo wa mkanda bado upo. Uachwe, kwa sababu kuusafisha mno huondoa pia mlio wa matoazi.

Mikanda ya RTD ilirithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na iliyowahi kutolewa kwa umma ni sehemu ndogo tu. TBC iitoe iliyobaki, wimbo kwa wimbo, na majina ya wapigaji wote yaandikwe kwenye jalada.