Kipimamwendo si Kipimaraundi

Katika tafsiri moja ya maelekezo ya kufunga vyombo kwenye injini ndogo za boti, vyombo viwili vilivyo mbalimbali vimepewa jina moja. Chombo kionyeshacho mbio za boti majini kimeitwa kipimamwendo. Na kile kionyeshacho injini inazunguka mara ngapi kwa dakika nacho kimeitwa kipimamwendo. Mfasiri hakukosa Kiswahili, kwani sentensi zake ni safi kuliko nyingi tuzisomazo. Alilokosa ni kuuliza kila chombo kina kazi gani.

Madhara yake huonekana upesi mahali kama Babati. Ziwa lililo kando ya mji huo liko zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Rafadha iliyoifaa pwani huwa nzito mno kwake. Boti itakwenda, pengine bila ya mwenyewe kushuku lolote, lakini injini itakuwa inaelemewa, inapata joto kupita kiasi na kujaa masizi. Viwanda vingi hutaka injini za namna hii zifikie mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika mafuta yafunguliwapo hadi mwisho. Ikiishia 4,300, dawa ni rafadha yenye mlalo mdogo zaidi, yaani isukumayo maji kidogo kila izungukapo. Sasa tafsiri yetu yamwagiza msomaji abadili rafadha endapo kipimamwendo hakifiki 5,000. Elfu tano za nini? Mvuvi anayejua mbio za boti yake atacheka, kisha ataiweka karatasi kando.

Wako wanaopendekeza *kihesabumizunguko*, kwa kulifuata neno la Kiingereza. Hapo tunarithi kosa la wenyewe. Ni kweli kwamba ndani ya chombo mapigo ya umeme huhesabiwa, lakini kinachosomwa usoni pake si jumla. Ni kiasi kwa dakika, ambacho hupanda na kushuka kadiri mkono unavyofungua mafuta. Chombo kinachojumlisha kweli ni kile cha saa za kazi ya injini, ambacho mara nyingi hufungwa jirani. Basi *kipima* na kibaki, kama katika kipimajoto.

*Kipimamizunguko* ingetosha, lau *mzunguko* lisingekuwa limekwisha kupewa kazi nyingine katika karatasi hiyo hiyo, yaani njia ya umeme kutoka betri na kurudi. Fundi ataambiwa aunganishe kipimamizunguko kwenye mzunguko. Mafundi wa pikipiki katika karakana za Bagara wamekwisha kulimaliza jambo hili bila ya kikao: injini ina *raundi*, nazo hupandishwa au kushushwa. Neno hili limeingia zamani, halina maana ya pili katika kazi hiyo, na lakubali kiambishi bila taabu. Ninapendekeza *kipimaraundi*. Wanaolikataa kwa kuwa ni la kigeni watueleze kwa nini wanaikubali *injini*.

Liko kosa lililo zito zaidi, ingawa ni dogo kwa macho. Nyuma ya vipimaraundi vingi pana kitufe cha kuchagulia idadi ya *ncha* za sumaku zilizo katika gurudumu la injini lifuaalo umeme. Ncha 12 hutoa mapigo sita kwa kila raundi, na ncha 8 hutoa manne. Mfasiri ameandika *nguzo*. Msomaji asiyeona nguzo yoyote ndani ya injini atakiacha kitufe kama alivyokikuta. Kikiwa kwenye 8 ilhali injini ina 12, raundi 4,000 zitasomeka 6,000. Mwenye boti ataamini kwamba rafadha yake ni sawasawa, kumbe injini inaelemewa.

Katika kusahihisha, *kipimamwendo* kibakizwe kwa mbio za boti peke yake. Pia iandikwe *raundi za injini* kila mara, wala si *raundi* tu, kwa maana rafadha nayo huzunguka, na kwa kawaida mizunguko yake hukaribia nusu ya ile ya injini.