Kipimo cha Pampu Chenye Thamani

Nyumba za ghorofa za Rebero, kilima cha wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, hulipia maji mara mbili: kwanza shirika la maji, WASAC, kisha umeme wa pampu inayoyatoa kwenye tanki la chini na kuyapandisha hadi la juu ya paa. Pampu nyingi za kazi hiyo ni za kasi moja. Floti ya juu ikishuka inawaka, tanki likijaa inazima. Fundi akileta karatasi ya matumizi ya umeme ya pampu, mwenye nyumba hukimbilia jumla ya mwisho. Anza na namba za kwanza, uulize zimetoka wapi.

Namba hafifu kuliko zote hutoka kwenye kibao cha mota. Kikisema kilowati 4, hiyo ni nguvu ambayo mota hutoa kwenye shafti ikibeba mzigo wake kamili, wala si umeme inaokula. Mota yenye ufanisi wa asilimia 88 huvuta takriban kilowati 4.5 ikibeba mzigo huo, na hupungua sana ikibeba nusu. Aliyezidisha 4 kwa saa za kazi amekisia tu, hata akiandika desimali tatu.

Klampu mita nayo huwapoteza wengi. Fundi anabana waya mmoja, anasoma ampea, anazidisha kwa volti 400 na kwa 1.73, halafu anaazima pawa fakta ya kibaoni. Lakini mota ya fezi tatu isiyo na mzigo huweza kuvuta theluthi ya ampea zake huku pawa fakta ikiwa imeanguka hadi karibu 0.2. Ampea zinaonekana nyingi, kilowati ni chache. Dai kilowati zilizopimwa zenyewe, kwenye fezi zote.

Pasipo kifaa cha kupima kilowati, mita ya umeme ya cash power ukutani inatosha, na mimi naiheshimu sana njia hii. Zima kila kitu isipokuwa pampu, kisha tazama kitaa kinachomweka. Penye maandishi 1000 imp/kWh, mimweko 1,000 ni uniti moja. Ukihesabu mimweko 140 kwa dakika tano, pampu inakula kilowati 1.68. Wakati huohuo mwenzako awe juu ya paa, amefunga bomba la kutolea maji, ana futi na saa. Maji yakipanda sentimita 10 katika tanki la duara lenye upana wa mita 2, zimeingia lita 314.

Hapo ndipo kipimo kinapopata thamani, umeme ukikutana na maji. Kuinua lita 1,000 kwenda juu mita 100 hakuwezekani kwa chini ya uniti 0.27, hata kwa mashine isiyopoteza chochote. Tuseme pampu yetu inatoa lita 10,000 kwa saa dhidi ya mita 30, msuguano wa mabomba ukiwemo. Kima cha chini ni uniti 0.082 kwa kila lita 1,000, nayo inatumia 0.168. Ufanisi wa karibu nusu si haba kwa pampu ndogo. Ikitumia 0.35, fungua uangalie impela, na vali isiyorudisha kama inavujisha maji kurudi chini.

Kasi moja haimaanishi mzigo mmoja. Pampu ya kujaza tanki kwa bomba lilelile hufanya kazi ileile leo na kesho, basi kilowati zilizopimwa vizuri zikizidishwa kwa saa za kwenye paneli zinatosha. Pampu ya kuzungusha maji ya kupoza vyumba vya hoteli haiko hivyo: vali za vyumba zikifungwa, maji yanapungua na kilowati zinashuka, ingawa mota haijabadili mwendo. Hiyo ipimwe kwa mitiririko kadhaa tofauti, au iachiwe kifaa cha kurekodi kwa wiki nzima. Fundi akikuletea namba moja, irudishe.

Urefu wa kilima nao una neno. Kigali iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kikomo cha kinadharia cha kuvuta maji kutoka chini, ambacho pwani ni mita 10.3, hapa ni kama 8.5. Chujio likiziba kidogo, pampu inayovuta kutoka tanki la ardhini huanza kulia kama yenye kokoto tumboni. Maji hupungua, kilowati nazo hupungua. Nimeona upungufu wa namna hiyo ukiandikwa kuwa umeme uliookolewa, na mwenye nyumba akafurahi. Kwa hiyo karatasi ya kabla na ya baada ya matengenezo ziwe na lita, presha ya kuingia na ya kutoka, na kimo cha maji katika tanki la chini, vyote vikiwa vimesomwa saa ileile na kilowati.