Bao na Goli

Wapo walimu wenzangu wanaoshikilia kwamba mtangazaji wa mpira asemaye "bao" amesema Kiswahili, na asemaye "goli" amekopa tu. Sikubaliani nao kwa wepesi huo. Kasoro ya "goli" si ukopo, ni kutaja vitu viwili: milingoti, na mpira ulioingia. "Bao" halina utata huo uwanjani. Utata wake uko nje ya uwanja.

Kabla ya mpira kulikuwa na bao la kete, mashimo 32 na kete 64. Humo hakuna kuhesabu kete ulizokula. Unashindwa safu yako ya mbele ikibaki tupu, au ukikosa pa kucheza. Kwa hiyo bao moja ni mchezo mzima uliokwisha. Hapa Nkome, chini ya miembe, mzee akisema "nimemfunga bao tatu" ujue amekaa hapo tangu adhuhuri. Simba walipoifunga Yanga mabao 6 kwa 0 mwaka 1977, yote yaliingia ndani ya mechi moja. Sarufi nayo ina mambo yake: magazeti huandika "mabao matatu", vinywa husema "bao tatu". Darasani nililikata hilo la pili kwa kalamu nyekundu. Barazani nalisema mwenyewe.

Vijana wana maana yao nyingine, ya chumbani, ambayo kitabu hiki hakitaieleza.

Ninayoihofia ni kupiga bao kwa maana ya kupiga ramli. Kwetu Usukumani mganga mara nyingi hutazama kuku, si ubao, lakini kazi ni ileile: kumtaja aliyeroga. Anayetajwa huwa ni bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, kisha mapanga hufuata. Shinyanga, Mwanza na Geita zimezika wengi kwa namna hiyo. Mwaka 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli.

Tofauti ni silabi moja. Aliyepigwa bao ameshindwa. Aliyepigiwa bao amekwenda kwa mganga, na kuna mtu atatajwa. Nimewahi kuona msahihishaji akiifuta hiyo "i" katika insha ya mwanafunzi kama kosa la tahajia. Niliirudisha, kwa kuwa mtoto alikuwa akieleza msiba wa jirani, si mechi.